Benchi la Chumba Namba Tisa

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wa Hospitali Kuu, na ninyi mliosimama nje kwa kuwa viti vimekwisha, familia imempa mdogo wa marehemu, fundi cherehani, kazi ya kuwasomea haya, naye anaomba radhi mapema kwamba kurasa zimekuwa nyingi, na kwamba jana alizisoma kwa sauti mbele ya mlinzi wa chumba cha maiti kabla ya kuzileta hapa, kwa sababu ambayo mtaijua kabla hatujamaliza.

Marehemu dada yetu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika zahanati ya njia panda ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba seremala na mama mfua nguo wa bweni la wasichana, mama ambaye hakujua kusoma hata jina lake, lakini ukimweleza jambo mara moja likamwingia, angekurudishia baada ya mwaka bila kupunguza kitu, na tunalitaja hili mapema kwa kuwa maisha yote ya dada yametokana na mama huyo.

Alianza elimu ya msingi Januari 1964 katika shule iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1971 hadi 1974, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu tarehe 24 Novemba 1978, na cheti chake kinamsifu kwa usafi wa wodi, ila hakisemi kwamba alipewa onyo mara mbili kwa kumuuliza mwalimu swali lilelile mpaka mwalimu akakiri kuwa hajui jibu.

Aliajiriwa tarehe 2 Januari 1979 katika hospitali ya wilaya, wodi ya wanawake, na huko ndiko yalikotokea yale ambayo hakujisamehe hata siku moja. Siku ya Jumatano, tarehe 6 Aprili 1983, mama yetu aliyesumbuliwa na pumu aliingizwa kwenye utafiti wa dawa mpya, fomu ikaletwa, kurasa sita za maneno ambayo hata muuguzi mwenye cheti hakuyaelewa, naye dada, kwa heshima ya koti jeupe la mtafiti na kwa haraka ya zamu, alimshika mama kidole gumba, akakichovya kwenye wino na kukibandika penye mstari. Mama alimuuliza, "Mwanangu, nimekubali nini?" naye akamjibu, "Dawa, mama, dawa tu." Mama alifariki tarehe 19 Januari 1985, na hatujui kama ni ile dawa iliyomwongezea miezi au iliyompunguzia, wala kama vidonge alivyopewa vilikuwa na dawa yoyote ndani yake, kwa sababu watafiti walifunga mizigo yao na hakuna aliyerudi kutuambia.

Kuanzia 1986, kila tarehe 19 Januari, dada aliandika barua moja kuomba majibu ya utafiti ule, barua thelathini na tisa kwa jumla, nakala zote zimo ndani ya sanduku la cherehani hapa mbele, na kati ya hizo zilijibiwa nne, mbili zikisema suala linafanyiwa kazi, moja ikisema ofisi imehama, na ile ya mwaka 2003 ikimtaka mgonjwa afike mwenyewe na kitambulisho chake. Mnaocheka mcheke, hata yeye alicheka, kisha akajifungia chumbani mpaka jioni.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1984, na mtaalamu wa maabara wa hospitali ileile, ofisini kwa msajili, ambapo msajili alisoma maneno ya ndoa mbio mbio kama anayewahi gari, bibi harusi akamkatiza mbele ya wageni na kumwambia, "Soma tena," ukumbi ukaangua kicheko, na jina la Soma Tena likamganda toka siku hiyo. Mama alikuwepo, ameketi mbele kabisa, na alicheka mpaka akakohoa. Mzee wa maabara hupenda kusema kwamba yeye ndiye mwanamume pekee mjini aliyeelewa kila neno alilokubali. Walibarikiwa watoto wawili, wa kwanza ni binti, mkunga, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1986, na wa pili ni kijana fundi umeme, aliyezaliwa tarehe 27 Mei 1989, pamoja na wajukuu watano ambao hakuna aliyewahi kumdanganya bibi yao akafanikiwa.

Alihamishiwa Hospitali Kuu mwaka 1990, na tarehe 1 Julai 1996 akateuliwa kuwa katibu wa kamati ya maadili ya utafiti, kamati ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtu hafanyiwi utafiti bila kujua, akapewa chumba namba tisa, ghorofa ya chini, kati ya dirisha la dawa na choo ambacho mlango wake haujawahi kufunga sawasawa. Nje ya chumba hicho palikuwa na benchi la mbao la wagonjwa wanaosubiri dawa, na hapo ndipo alipoanzisha utaratibu wake, kwamba mtafiti yeyote, awe profesa au mwanafunzi, kabla fomu yake haijafika mbele ya kamati, atoke nje, akae kwenye benchi, amwombe anayesubiri amsikilize, amsomee fomu nzima kwa sauti, kisha msikilizaji aseme kwa maneno yake mwenyewe amekubali nini, kitachukuliwa nini mwilini, kitafanyiwa nini, na majibu ataletewa lini, na akishindwa kusema, aliyefeli ni fomu, si yeye.

Wapo hapa maprofesa waliorudishwa mara tano, na wengine walimwita mchawi wa sayansi, mzuia maendeleo, mama wa kukwamisha, ingawa ukweli ni kwamba alipenda utafiti kuliko wengi wao. Alikuwa akisema nyumbani, akiwa anapepeta mchele, "Bila utafiti tutaendelea kubahatisha, lakini anayebahatishiwa si mwenye koti, ni aliye kitandani." Kwa hiyo iliuma, na tunasema wazi kuwa iliuma, pale mwaka 2011 uongozi ulipoliondoa lile benchi kwa madai ya msongamano, akaleta jingine, likaondolewa, akageuza ndoo na kukalia, ndoo nayo ikachukuliwa, na tarehe 5 Machi 2012 akahamishiwa stoo ya mashuka, mwanamke wa karibu miaka hamsini na tano aliyesomea kazi, akahesabu mashuka kwa miaka mitatu, huku kamati ikipitisha fomu kwa simu.

Katika miaka hiyo mitatu ulipitishwa utafiti mmoja wa dawa ya shinikizo la damu, ambamo watu arobaini na wawili walimeza vidonge visivyo na dawa bila kujua kwamba jambo hilo liliwezekana, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa ukurasa wa saba kwa lugha ya wenye koti. Watatu kati yao walipooza. Dada alirudishwa chumba namba tisa tarehe 16 Februari 2015 kwa barua ya mistari miwili isiyo na neno pole, akabeba benchi kutoka nyumbani, lile alilolichonga baba, akaendelea mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2017, na wiki iliyofuata benchi likapelekwa gereji kuwekea matairi. Tulilifuata sisi wenyewe, na ndilo hilo mliloliona langoni mlipoingia.

Alianza kuugua Agosti 2022, kikohozi kikavu na pumzi fupi, na tarehe 9 Novemba mwaka huohuo akaambiwa mapafu yake yanakakamaa, ugonjwa ambao madaktari walikiri hawajui kwa nini umemwanza yeye. Alilazwa mara ya mwisho tarehe 28 Mei 2024, wodi ya ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Tarehe 3 Juni alijiwa na daktari mtafiti akiomba kuchukua kipande kidogo cha pafu lake atakapofariki, ili ugonjwa huu uchunguzwe, naye alifurahi, binti yake ni shahidi, akasema hilo ndilo alilolisubiri, kisha akavua barakoa ya oksijeni, akaomba penseli, akasahihisha fomu mstari kwa mstari kwa siku mbili, akairudisha, akamwambia daktari, "Ukimaliza kuiandika upya uilete, nitatia sahihi." Aliuliza kila asubuhi kama fomu imekuja. Haikuja. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa tatu na robo asubuhi, mkono mmoja ukiwa kwa mume wake na mwingine kwa binti yake.

Siku ya Jumatano fomu ililetwa kwa familia, na ilikuwa ileile ya mwanzo, haikuguswa hata nukta, ile yenye penseli imepotea kati ya ofisi mbili. Mzee wa maabara aliitazama, akatoka nje. Tungeweza kukataa, na wapo shangazi waliotaka tukatae, lakini marehemu alikwisha sema anataka, kwa hiyo fundi cherehani huyu anayewasomea alimwomba daktari waende pamoja mpaka kwa mlinzi wa chumba cha maiti, wakaketi, daktari akasoma kurasa zote, na alipomaliza mlinzi akaulizwa ameelewa nini, akafikiri, akajibu, "Nimeelewa kwamba wakishatia sahihi hawawezi kuwadai." Daktari alikunja fomu yake, akaondoka.

Alirudi Alhamisi, ikafeli. Alirudi jana Ijumaa saa nne asubuhi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na karatasi moja tu badala ya nane, akasoma, na mlinzi akasema, "Mnachukua kipande cha pafu cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, mnakiweka miaka kumi, hamkiuzi, na mkijua kitu mnakuja nyumbani kwao kuwaambia, hata kama ni kwamba hamkujua kitu." Basi binti yake na mzee wa maabara wakatia sahihi, na katika nyumba yetu hiyo ndiyo sahihi ya kwanza ya utafiti iliyotiwa na watu wanaojua wamekubali nini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa ghorofa ya pili, fundi wa mitungi ya oksijeni aliyepanda ngazi kila lifti ilipokufa, majirani waliopika na kufua, wafanyakazi wenzake wa chumba namba tisa na wa stoo ya mashuka, ambao walimpenda wakati wakubwa wao wanamchoka, na mlinzi wetu, aliyesomewa jana hata kurasa hizi ili nazo zipimwe kama fomu. Tunakushukuru pia wewe daktari mtafiti uliyeketi safu ya tatu, kwa kurudi mara tatu, na tunakukumbusha mbele ya watu wote hawa kwamba nakala ya karatasi ipo sandukuni juu ya barua thelathini na tisa, nyumba yetu unaijua, na benchi tutaliacha nje, mlangoni, mpaka uje ulikalie na majibu.

Dada, kidole cha mama hatukuweza kukifuta, lakini safari hii tumeuliza. Pumzika kwa amani, ile uliyowanyima wenye fomu mbovu.