Mlango Tusioupima

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mheshimiwa Bwana Mkuu wa Wilaya, uliyeacha kazi zako ukaja kuketi nasi, Mheshimiwa Kadhi, masharifu na walimu wetu, wazee wa mtaa huu wa Mahabibo, hapa Mahajanga, kila mmoja kwa cheo chake na umri wake, ndugu wageni waalikwa mliokuja kwa meli kutoka kisiwa cha Nosy Be, mama zetu na dada zetu mlioko huko juu ghorofani, wanafunzi, na wewe, Fundi Zoubeir, uliyekataa kiti cha mbele ukaenda kusimama nyuma kabisa, karibu na shimo la chokaa. Kwa itifaki fundi hutajwa mwisho. Leo itifaki imenifaa, kwa kuwa nataka jina lako libaki masikioni mwa watu.

Assalaamu alaykum.

Mimi ni Chaehoi Hamada, muuza nguo wa sokoni, na mtunza hazina wa kamati iliyojenga chuo hiki cha Kurani. Majumbani mwetu tunasema Kibuki cha Wamalagasi na Kingazidja cha Komoro, na ofisini tunajikaza kwa Kifaransa. Lakini kamati imeniagiza niseme kwa Kiswahili, lugha ya vyuo vya babu zetu, ili wageni wa Nosy Be na wazee wetu wasikie pamoja. Kiswahili changu ni cha bandarini na cha msikitini; kikikwama, mnivumilie. Nawe mkalimani, uliyesimama karibu na Mheshimiwa, najua hupenda kufupisha. Leo nakuomba usifupishe.

Ratiba inasema nitasoma hesabu, nami nitazisoma. Siku tulipoweka jiwe la msingi, miaka mitatu iliyopita baada ya Maulidi, nilisimama mahali hapa hapa nikatangaza kwamba chuo kitagharimu faranga elfu ishirini na mbili. Leo tunakifungua, na kimegharimu faranga elfu arobaini na sita na mia tano.

Naisikia minong'ono, na ninaijua. Kwa miaka mitatu mji huu umeuliza swali moja: fedha zilikwenda wapi? Ni swali la haki. Mlichanga kwa jasho, wengine mkiuza samaki, wengine mkibeba magunia bandarini, na mjane mmoja aliniletea faranga mbili zimefungwa kwenye ncha ya leso. Nani atawalaumu kwa kuuliza? Ila mji haukungoja kujibiwa. Ulijijibu wenyewe, ukasema fundi amekula.

Ndugu zangu, naomba niwaonyeshe zilikokwenda.

Nianze na mlango, maana mlango hauna mdomo wa kubisha. Wageni wetu, mlipoingia mliusifu, na ni haki yenu kuusifu kwa kuwa ni wenu. Mzee Fazul na jamaa zake wa Nosy Be walipopata habari kuwa tunajenga, walituandikia kwamba watatoa mlango wa mbao ngumu, wenye nakshi na aya. Barua ile ilisomwa msikitini, watu wakalia. Jioni ile ile Fundi Zoubeir alinifuata dukani akauliza jambo dogo tu: upana wake kiasi gani?

Nilimkemea. Nilimwambia, fundi, wewe ni mtu mzima, umesikia wapi mtu akiletewa zawadi akauliza vipimo? Nani kati yenu angeandika barua ya kuuliza vipimo? Sisi mtu akikupa kanzu huishiki ukaipima mbele yake. Unaivaa, na kama ni fupi unashukuru. Fundi akarudi kazini. Akaacha nafasi ya mlango mita moja na nusu, kama vyuo vyote vya pwani hii.

Sasa Mzee Fazul, kwa huruma yake, alitaka kutupunguzia nauli ya meli. Alisikia kuna lori litapita bara, litabeba bure. Basi mlango ukavushwa kwa chelezo kutoka Nosy Be hadi Antsahampano, ng'ambo ya bara, ukalazwa pale ufukoni kungoja lori. Mvua zikaanza, barabara ikakatika. Wazee wetu walisema rahisi ghali. Sijui wangesemaje juu ya bure. Mlango ule ulikaa Antsahampano wiki saba chini ya makuti. Huku kwetu miti ya jukwaa tuliikodi kwa siku, na waashi wanne walikuwa wakilipwa kwa siku, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuziba ukuta wa mbele kabla ya zawadi kufika. Mwishowe tukaupakia melini, na nauli tukailipa vilevile.

Ukafika. Tukaupeleka ukutani. Upana wake mita mbili na kidogo.

Mzee Fazul, usiinamishe kichwa. Ungefanyaje, na hukuulizwa? Tulibomoa nguzo mbili zilizokwisha kukauka na sehemu ya ukuta, tukajenga upya. Watu waliokuwa wakipita njiani waliona ukuta mpya ukivunjwa, wakaenda wakisema, huyu fundi anajenga anabomoa ili alipwe mara mbili. Hakuna aliyeniuliza mimi, nami sikusema. Mlango huu wa zawadi umetugharimu faranga elfu sita na mia mbili.

Mzee Djaanfar, nakuona unajikunja kwenye kiti, unajua zamu yako imefika. Taa yako ya vioo ni fahari ya Mahajanga nzima. Lakini ina uzito wa ndama, na boriti ya fundi ilipimwa kwa ajili ya kandili. Ilibidi tutie boriti nyingine, na kuitia maana yake ni kufungua dari. Elfu mbili na mia tatu. Mungu akulipe kheri, na ukitaka kututunukia tena, tutumie mafuta ya kuiwashia.

Halafu yapo maneno mawili yaliyokula fedha kuliko mlango, na kuliko taa. Mnayajua, kila mmoja wetu ameyasema. Maneno yenyewe ni "maadamu tunajenga". Maadamu tunajenga, tuongeze dirisha. Maadamu tunajenga, tuinue sakafu kidogo. Na maadamu tunajenga, wakasema mama zetu, wasichana nao watasomea wapi? Fundi alikuwa amekwisha kupiga mstari wa paa. Akatazama juu, akatutazama sisi wazee tulivyokuwa tukikwepa macho ya wake zetu, akasema ghorofa inawezekana, lakini kuta za chini lazima zitiwe nguvu. Ghorofa ile, pamoja na dirisha na sakafu, ni elfu saba. Nimekaa na kitabu cha hesabu nikaipitia mara nyingi, na sioni hata faranga moja ninayoijutia humo. Wasichana ishirini na sita wanasoma huko juu tangu mwezi uliopita, na leo asubuhi nimewasikia.

Wenye hesabu za haraka mmekwisha kujumlisha. Hizo ni elfu kumi na tano na mia tano. Kutoka ishirini na mbili hadi arobaini na sita na nusu bado kuna pengo la elfu tisa. Hizo nazo alikula nani?

Hapa ndipo penye uzito, ndugu zangu.

Kabla ya jiwe la msingi, Fundi Zoubeir aliniletea karatasi ya makadirio. Haikusema ishirini na mbili. Ilisema thelathini na moja. Chini kabisa aliandika faranga elfu tisa, na pembeni yake maneno matatu: mvua, mchanga, bei. Nikamuuliza, hizi ni za nini? Akanieleza kwamba ardhi ya hapa ni mchanga, msingi huenda ukadai kuchimbwa zaidi. Kwamba hakuna jengo linalokwisha Mahajanga bila kunyeshewa. Na kwamba saruji inatoka Marseille, hatujui kesho itauzwaje.

Mimi nikamwambia, fundi, mvua ni ya Mungu, huwezi kuiandika katika hesabu za chuo cha Mungu. Kuandika balaa kwenye karatasi ni kuiita. Mnacheka, lakini wengi wenu mngesema hivyo hivyo. Nani kati yetu hununua sanda akiwa mzima? Na nilikuwa na hofu nyingine, ambayo sikumwambia kwa uwazi. Niliogopa kwamba mkisikia thelathini na moja, mtakata tamaa, mtarudi majumbani, na watoto wataendelea kusoma chini ya banda la magunia. Nikachukua kalamu, nikapiga mstari juu ya mvua, mchanga na bei. Kisha nikaja hapa nikatangaza ishirini na mbili, mkapiga makofi, nami nikafurahia makofi.

Msingi ulidai kuchimbwa zaidi. Mvua ilinyesha. Faranga ikashuka thamani, saruji ikapanda. Elfu tisa zikaenda, karibu zote, pale pale fundi aliposema zitakwenda.

Chuo hiki hakikuliwa na mtu. Tangu siku ya kwanza bei yake ilikuwa kubwa kuliko niliyowaambia, na mwenye kuijua tangu siku ya kwanza alikuwa yule aliyeitwa mwizi.

Nasema mwizi kwa sababu ndilo neno mlilolisema. Mwaka jana, mwezi wa Shaabani, Fundi Zoubeir alimwoza binti yake Nafissa. Alichinja ng'ombe wawili, aliowafuga kwa shemeji yake kule Belobaka tangu wakiwa ndama. Mji ukasema wale ni ng'ombe wa chuo. Ziliandaliwa sinia arobaini. Kwetu sisi, mtu akioza binti, hata adui yake huja akala tonge moja, aende zake. Siku ile walikuja watu wa sinia sita. Sinia thelathini na nne zilibaki zimefunikwa kwa kawa, na alasiri mama yake bibi harusi akaagiza zigawiwe wapagazi wa bandarini. Nafissa alitolewa mbele ya ua mtupu.

Mimi, niliyejua kila kitu, nilikuwa wapi? Nilikuwa nyumbani. Nilituma salamu kwamba nina homa.

Sikuwa na homa.

Baada ya siku tatu aibu ilinishinda, nikamwendea. Nikamuuliza kwa nini asiitoe ile karatasi, ina mkono wangu na mstari wangu, angeitoa msikitini siku moja tu akasafika. Alikuwa akikanda chokaa, hakuacha. Akaniambia hivi, nami nayarudia kama alivyoyasema: "Chaehoi, nikikutaja wewe, watu wataacha kuchanga, na chuo hakina paa. Acha kwanza lipande paa, kisha utasema mwenyewe."

Paa lilipanda. Mkalimani, hili lifikishe lilivyo. Paa lilipanda miezi minane iliyopita, na kwa miezi minane nimepita chini yake kila siku bila kusema. Kila Ijumaa nilijiambia, Ijumaa ijayo. Wakati huo wanaojenga birika la msikiti wamempa kazi fundi mwingine. Mwenye nyumba ya pale sokoni amemvunjia mapatano. Na mtu aliyetujengea chuo amekata tikiti ya meli ya Alhamisi, anahamia Nosy Be kutafuta riziki mahali ambapo hajulikani. Wazee walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Sisi tumemtukana mkunga mtoto akiwa mikononi mwake.

Fundi Zoubeir, nimekukosea. Nimekukosea mbele ya mji, kwa hiyo naomba radhi mbele ya mji. Karatasi yako ni hii hapa mkononi mwangu, na baada ya hotuba nitampa Mheshimiwa Kadhi, aibandike ndani ya mlango huu kila mtu aisome. Kazi ya hazina naiacha leo. Sikuombi usiondoke Alhamisi. Sina uso wa kukuomba hivyo. Ninachokiomba ni kwamba ukiondoka, uondoke ukiwa fundi wa chuo cha Mahabibo, na watu wakusindikize hadi gatini.

Nanyi mnaobaki, kesho mtajenga tena, maana mji haukomi kujenga. Fundi akiwaambia mvua, mchanga na bei, mwacheni aandike. Na mkiletewa zawadi, ulizeni upana wake. Mwenye kutoa kwa moyo hataudhika, na Mzee Fazul yuko hapa, muulizeni.

Nimebakiwa na neno moja, nalo ni la chakula. Najua wengi mmekwisha kunusa hewani mkashangaa kwamba hamnusi kitu. Ratiba inasema karamu itakuwa hapa uwanjani. Ratiba nimeibadilisha, na gharama ni zangu, si za kamati. Jana nilikwenda kwa mke wa fundi, Bibi Mariamou, nikamwomba uwanja wake na masufuria yake. Nilidhani atanifukuza, lakini akanifungulia jiko. Kisha akasema: "Masufuria yapo. Hatukuyapikia watu tangu siku ile."

Sinia ni arobaini, ndugu zangu, na kila moja imefunikwa kwa kawa katika ua wa Fundi Zoubeir. Nafissa na mumewe ndio watakaowapokea mlangoni. Ni mwendo mfupi, msikiti ukiupa kisogo, nyumba ya tano. Mnaijua njia, maana kwa mwaka mzima mmekuwa mkiikwepa.

Mheshimiwa Bwana Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Kadhi, wageni wetu wa Nosy Be, na nyote kwa jumla, nawashukuru kwa subira yenu na kwa masikio yenu. Fundi, tangulia. Sisi tutakufuata nyuma.