Leith Trezona wa Duncombe na Kidole Chake cha Shahada

Marehemu Leith Clarence Trezona alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951 hapa Duncombe, kituo kidogo cha reli katikati ya jangwa, katika nyumba ya mafundi wa reli ambayo leo imebaki bomba la moshi na ukuta mmoja. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Clarrie Trezona, fundi wa njia, na Miriam Zaidulla, binti wa mwendesha ngamia wa Marree. Mvua ilikuwa imekata reli pande zote mbili, mkunga hakufika, na Clarrie alimpima mwanawe kwenye mizani ya vifurushi ya stesheni. Miaka yote baba yetu alipenda kusema kwamba Leith ndiye kifurushi pekee kilichoteremka Duncombe bila kupotea njiani.

Mama yetu alifariki mwaka 1962, akazikwa nyuma ya stesheni, penye kilima kidogo kinachokinga upepo. Makaburi manne yaliyokuwepo yalikuwa yamelazwa sambamba na reli. La kwake babu, yule mwendesha ngamia, alikuja kuligeuza lielekee Kibla, hivyo likakaa mshazari, na hadi leo liko hivyo. Leith alikuwa na miaka kumi na moja. Aliokota mataruma ya mbao yaliyochakaa, akamjengea mama uzio, na kwenye ubao wa kreti ya chai akachonga jina lake kwa msumari.

Elimu aliipata kwanza kwa redio, sauti ya mwalimu ikija na kupotea kama mtu anayeongea akitembea, kisha akapelekwa Marree kwa shangazi. Huko mwalimu aliwaambia watoto wachore nyumbani kwao. Leith alichora mstari mmoja ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo wa karatasi, akarudisha penseli. Mwalimu alidhani ni uvivu. Sisi nduguze tunajua alichora kila kitu.

Mwaka 1967 aliingia kwenye genge la wafanyakazi wa reli. Kazi ile inasimuliwa vizuri na wale ambao hawakuifanya. Vyoo vya treni ya abiria vilimwaga moja kwa moja juu ya njia, na waliopiga magoti pale kukaza misumari ni vijana wa genge. "Abiria wanatazama mandhari," Leith alikuwa akisema, "sisi tunatazama abiria." Mwishoni mwa 1980 treni ya mwisho ilipita, baadaye reli zikang'olewa, na watu wa Duncombe wakatawanyika kama kuku waliofunguliwa banda. Leith alihamia kazi ya barabara, akapewa greda, na hadi alipostaafu mwaka 2014 aliisawazisha njia ya vumbi inayofuata tuta la reli, kutoka Marree kuelekea Oodnadatta na kurudi. Alirudi kila mara akipita pembeni mwa maisha yake ya zamani, tuta liko upande huu, vumbi upande ule.

Alifunga ndoa na Colleen Haas, mpishi wa hoteli ya Marree, tarehe 9 Septemba 1977. Posa yenyewe ilikuwa hivi. Colleen alimwambia mlangoni, "Wewe unanuka dizeli hata ukiwa umeoga."

"Sijaoga."

"Ah. Basi kuna matumaini."

Walijaliwa watoto wawili, Janine na Murray, ambao walijifunza kutembea ndani ya trela ya kambi ya barabara, wakishika miguu ya meza.

Wanaoijua njia yetu wanajua salamu yake. Magari mawili yakikutana katikati ya ukiwa ule, kila dereva huinua kidole cha shahada kutoka kwenye usukani. Kimoja tu, na mkono haupungwi. Maana yake ni nimekuona, na ukiharibikiwa mbele huko nitakumbuka kwamba ulipita. Leith alimwinulia kila mtu: polisi, mchunga ng'ombe, mtalii, hata mtu aliyekuwa na kesi naye.

Mwaka 2009, mwezi wa Julai, aliingia Duncombe na greda asubuhi akakuta magari manne yamelala hapa. Moto ulikuwa mkubwa, na soseji zilikuwa zinalia kwenye kikaango.

"Karibu, mzee! Chukua soseji," mmoja alimwita.

"Kuni mmezipata wapi?"

"Hapo nyuma. Kulikuwa na kizizi kibovu cha mataruma. Yanawaka vizuri ajabu."

"Kizizi cha nini?"

"Cha mbuzi, labda. Kimekaa upande upande."

"Mle analala mama yangu."

Yule bwana alikuwa na adabu ya kuacha kutafuna. "Pole sana, mzee. Kwa kweli hakukuwa na kibao."

Leith alimtazama pale alipokuwa amekaa. "Umekikalia," alisema.

Lakini si hilo lililomgeuza moyo. Alikwenda nyuma ya kilima, na huko, kwa kuwa ndipo palipo na kinga ya upepo, akakuta walikokuwa wakijisaidia. Walikuwa wakienda pale tangu jana yake, watu wanane, katikati ya makaburi matano, na karatasi zao zilikuwa zimenasa kwenye vichaka na kwenye udongo wa mama. Hatulipambi jambo hili, na wala hatuombi radhi kulisoma mbele ya jeneza. Tunalisoma ili kinyaa kile kisibaki cha kwake peke yake. Leith alichukua koleo kwenye greda, akasafisha mavi ya watu wazima walioshiba. Hakuna aliyemsaidia. Walikunja mahema haraka, na walipompita, dereva mmoja baada ya mwingine, walimwinulia kidole, kama walivyofundishwa na kijitabu cha watalii.

Tangu siku hiyo hakumwinulia mgeni kidole tena. Wapo waliosema amekuwa na kiburi, na wapo waliosema uzee. Uzio aliujenga upya kwa vipande vya reli, chuma kisichoungua. Hakuuzungumzia, ila alipopita hapa alishuka na koleo, na mara chache sana koleo lilirudi safi.

Ugonjwa wa mapafu uligunduliwa mwaka 2021. Madaktari wa Port Augusta waliupa majina marefu, yeye akauita vumbi. Mwaka huu, hali ilipozidi, sisi nduguze tulitaka azikwe mjini, penye ukuta, bomba la maji na mlinzi wa geti. Tulikaa kitandani kwake kumwambia.

"Kule Duncombe ni chooni, kaka," dada yake Avis alimwambia. "Nisamehe, lakini ndivyo ilivyo. Hatuwezi kukulaza chooni."

"Mama yuko chooni?"

Avis alimnyooshea blanketi.

"Mkinipeleka mjini, mnakuwa mmekubaliana na watalii wale," Leith alisema, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Mama amezeeka pale, wanamdhania zizi. Mimi nitakuwa mpya. Udongo mbichi, maua, jina linasomeka. Mtu mwenye haya kidogo atasogea."

"Na asiye na haya?" Colleen aliuliza.

"Huyo mwachie Murray na koleo."

Alifariki nyumbani kwake Marree siku ya Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, saa tatu asubuhi. Mkono wake ulikuwa juu ya blanketi, na kidole cha shahada kilikuwa kimeinuka. Binamu yetu Sadiq Zaidulla alikiona akalia, akasema damu ya mama imemkumbusha. Wenzake wa genge walisema hapana, kuna gari alikutana nalo. Colleen, aliyelala kando ya mkono huo miaka arobaini na mitano, alisema, "Anawaonyesha mlango." Hatukutafuta mshindi. Kidole kilichofungwa tangu mwaka 2009 kilifunguka, na hilo lilitutosha.

Jumatano tulipokuja kuchimba kaburi, tulianza na koleo na mifuko, maana ilibidi. Kisha tulichimba mshazari, sambamba na mama, ndani ya uzio wa reli.

Marehemu ameacha mjane, Colleen, watoto, Janine na Murray, wajukuu watano, dada yake, Avis, na sisi nduguze wengine, binamu yake, Sadiq, na greda lililochakaa aliloachiwa alipostaafu, ambalo hakuna anayekubali kuliuza.

Mtakaporudi leo kwa njia hii, mtakutana na wageni wanaokuja huku. Wainulieni kidole kuitikia salamu yao, maana ndiyo desturi ya njia yetu, halafu geuzeni kichwa mwangalie wanasimama wapi. Murray anabaki hapa hadi Jumatatu. Koleo liko kwenye ule ukuta mmoja uliobaki.

Apumzike Leith. Amani yake tutaisimamia sisi.