Muhuri Juu ya Cheti cha Quinter

Benchi letu liko Malaba, mkabala na ofisi za mawakala wa forodha, pale malori husimama mpaka dereva akasahau alikuwa anaenda wapi. Ni ubao mmoja juu ya tairi mbili za trela. Unatosha watu wanne, mmoja wao asipopumua sana. Apeduno hutuuzia kahawa hapo kutoka kwa thamosi nyekundu, naye bintiye Quinter hututibu ugonjwa wa mpakani, simu kuvuka bila mwenyewe. Umekaa Kenya, mguu wako uko Kenya, lakini simu imeandika "Karibu Uganda", imeshika mtandao wa ng'ambo na vocha inayeyuka. Quinter huingia ndani ya simu, akaichagulia mtandao wa nyumbani, akakurudishia. Asubuhi hiyo alikuwa na intavyuu saa nne, hapo tu ng'ambo ya barabara, kazi ya sapoti ya kompyuta kwenye kampuni ya mizigo. Alikuwa ameenda kwa rafiki yake Brendah kuazima viatu. Cheti chake, alichosomea miezi saba kwa mtandao, alikiacha kwa mamake. Mama naye, kwa nia njema kabisa, akakileta benchi.

Wa kwanza kukishika alikuwa Okiror, wakala wa forodha, tunayemwita Bondi kwa ajili ya zile dhamana za mizigo anazoandika. Huyu haamini kitu kisicho na muhuri, hata mche wa sabuni.

Bondi: Mama Quinter, hii karatasi iko uchi.

Apeduno: Ilitoka kwa internet hivyo.

Bondi: Hata mbuzi ya kutoka Amagoro inatembea na karatasi ya muhuri. Huyu mtoto atavuka barabara namna gani?

Hapo akaingia Callistus, mwenye kibanda cha kuchapisha nyuma yetu. Jina lake la benchi ni Fotokopi, kwa sababu hurudia kila neno lake mara mbili.

Fotokopi: Wachana na muhuri, wachana nayo. Cheti yenyewe haisaidii. Tangazo si nililichapisha mimi? Kazi ya kuanzia, uzoefu miaka mbili.

Injini: Kazi ya kuanzia, na uwe ulishaanza?

Injini ni mzee Oriokot, taniboi, msaidizi wa madereva wa malori, miaka ishirini na miwili. Anachokijua kuhusu kompyuta ni kwamba haina giaboksi.

Fotokopi: Ndiyo hivyo, mzee.

Injini: Basi wanatafuta mapacha. Mmoja anasoma, mwingine anafanya kazi. Siku ya intavyuu wanakuja kama mtu mmoja.

Bondi: Wewe mzee umeanza.

Injini: Nimeona na macho. Tororo kulikuwa na dereva wa hivyo. Asubuhi alikuwa mrefu, jioni mfupi.

Fotokopi: Mimi nasema ni mikono, mikono tu. Kuna kijana hapo Amagoro ana vyeti vinne. Akaambiwa awashe projekta, akawasha feni.

Bondi: Lakini aliitwa, ama hakuitwa?

Fotokopi: Aliitwa.

Bondi: Nani alimwita, mikono? Ni vyeti. Kontena ikiwa na sili, hakuna mtu anaifungua kuangalia ndani. Cheti ni sili ya kichwa. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hiyo kamba ndiyo cheti.

Injini: Na kuku ni nani?

Bondi: Usinitoe kwa pointi.

Apeduno alikuwa amesimama, kikombe mkononi, hajui ammiminie nani.

Apeduno: Wazee, mimi nauliza kitu moja. Hii karatasi itamsaidia mtoto ama haitamsaidia? Amesomea usiku, mchana yuko hapa na simu zenu.

Injini: Hiyo sapoti yenyewe ni kazi gani?

Fotokopi: Mtu anakupigia, kompyuta imekataa. Unamwambia azime, awashe.

Injini: Azime, awashe? Hiyo nimefanyia lori tangu niache shule. Kumbe mimi ni msomi. Nipeleke mimi basi.

Bondi: Utaenda intavyuu na hiyo grisi?

Injini: Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nitaoga.

Wakati tunacheka, Bondi alishatoa muhuri mfukoni. Anatembea nao kama wengine wanavyotembea na miswaki. Akaupumulia mara mbili, akatafuta mahali. Pembeni chini ya cheti kulikuwa na kisanduku kidogo cheusi chenye vidoadoa. Akaushusha hapo, pwaa. Kisha akauzungusha kidogo, ukauma vizuri.

Bondi: Sasa imevaa nguo.

Fotokopi: Sasa lazima itiwe plastiki, plastiki, wino usipanguke.

Akaingia nayo kibandani, akatoka nayo iking'aa kama menyu ya hoteli. Apeduno akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa saa nne kasorobo.

Quinter akatokea na viatu vya Brendah, anatembea kama vina moto. Akachukua cheti. Akakitazama. Akakitazama kwa mgongo pia, kana kwamba kile cha ukweli kiko huko.

Quinter: Hapa palikuwa na alama.

Bondi: Ile nyeusi? Nilidhani printa ya Callistus imetapika.

Quinter: Wanaielekezea simu, wanaona kama cheti ni ya kweli ama ya kutengeneza. Sasa wataona jina la kampuni yako, mzee Okiror.

Apeduno akaweka thamosi chini.

Apeduno: Wamekuharibia?

Quinter: Iko kwa email yangu, mama. Fotokopi, nichapishie ingine.

Fotokopi: Dada, internet imekufa. Tangu asubuhi, tangu asubuhi.

Quinter: Kompyuta yako inavuta internet wapi?

Fotokopi: Kwa simu yangu hii.

Akampa. Quinter hakuiangalia hata nusu dakika.

Quinter: Simu yako iko Uganda.

Akaingia ndani, akabonyeza hapa na pale, akaitoa ng'ambo, akaiunganisha na kompyuta. Tukasikia printa ikikohoa. Saa nne kasoro dakika tatu alikuwa anavuka barabara kati ya matrela mawili, cheti mkononi, uchi kama kilivyozaliwa.

Injini: Mmeona? Ni mikono.

Bondi: Amebeba nini kwa hiyo mikono?

Tulikaa. Saa nne na nusu, hajatoka. Saa tano, hajatoka. Bondi akasema wakikuweka sana wamekupenda. Injini akasema hata forodha wakikuweka sana si kwa kukupenda. Apeduno aliinamisha thamosi juu ya kikombe cha Injini, likatoka tone moja na machicha.

Ndipo dereva mmoja, mgeni, akashuka kwenye lori lake, simu mkononi.

Dereva: Wazee, simu yangu imeniambia karibu Uganda na bado niko Kenya. Nimeambiwa hapa kuna dada anazirudisha. Anarudi saa ngapi?

Fotokopi akatazama simu yake. Bondi akautazama muhuri wake. Injini akatazama machicha.

Apeduno akafunga kifuniko cha thamosi, akakikaza, akaangalia mlango wa ile kampuni ya mizigo, ng'ambo ya barabara, ambao Quinter alikuwa bado hajautoka.