Dadu Iliyoanguka Sakafuni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi cherehani mmoja aliyetutoka hivi karibuni baada ya kuugua. Dukani kwake watu walimwita Fundi. Lakini Jumapili mchana, kwenye meza yake, walimwita Refa. Na jina hilo, wapendwa, hakupewa bure.

Jumapili meza yake ya kukatia vitambaa iligeuka uwanja. Yeye, ndugu na marafiki walicheza mchezo wa masimulizi. Refa anasimulia: mmefika kwenye daraja bovu, mbele yenu limesimama zimwi, mnafanyaje? Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, anamsemea na kumwamulia. Mambo yakiwa magumu, dadu inarushwa, nayo ndiyo inayoamua. Njia na milima ilichorwa mezani kwa chaki ya fundi. Hao watu wa kubuni walikuwa vifungo vya nguo. Kifungo chekundu cha koti, kwa mfano, kilikuwa Kisirani, mwanamke mpiga upanga asiyemwogopa mtu. Kisirani alikuwa wa wifi yake Refa, mwoka mikate. Mshikeni vizuri akilini huyu wifi, tutarudi kwake.

Refa alikuwa mcheshi. Zimwi likiongea, alilipa sauti ya mteja anayegombania gauni ambalo halijaisha. Lakini kwenye sheria hakuwa na masihara. Sheria kubwa ilikuwa hii: dadu ikianguka sakafuni, haihesabiwi. Unarusha upya. Mumewe, fundi umeme, anasema: "Hata mimi hakuniachia. Nilijaribu kumbembeleza kwa chai. Chai akanywa, dadu akakataa."

Sasa, Jumapili moja, Kisirani alibanwa na zimwi darajani. Wifi alihitaji sita. Akarusha kwa nguvu, dadu ikaruka, ikatua kwenye mabaki ya vitambaa chini ya meza. Wote wakainama. Sita!

"Haihesabiwi," akasema Refa. "Rusha tena, wifi yangu."

Ikaja moja. Kisirani kwisha. Hapohapo wenzake wakaanza kugawana upanga na ngao yake, maana sheria iliruhusu. Wifi akachukua mkoba wake. "Wifi, huu ni mchezo au mahakama?" Akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena, hakuja. Hata mikate aliyozoea kuileta nyumbani kwa Refa ikawa inaletwa na mtu mwingine. Hapo, wasikilizaji, mchezo ulikuwa umeshaingia ndani ya familia.

Refa alishona huku akisonya. "Nikimhesabia leo, kesho kila mtu atatupa dadu yake uvunguni," alimwambia mumewe. "Na kama kila mtu anashinda akitaka, utamu uko wapi?" Kweli tupu. Lakini kifungo chekundu kilikuwa pale pembeni ya cherehani kinamtazama, na hamu ya kumwona wifi yake ilimkaba. Basi akakitia mfukoni, akaenda hadi kwenye tanuri la mikate.

Wifi mwenyewe anatusimulia. "Alinikuta na unga hadi kwenye nyusi. Nikamwambia, kama umekuja kuniambia ile sita imehesabiwa, umechelewa. Akasema, haikuhesabiwa na haitahesabiwa. Nusura nimfukuze! Kisha akaniuliza, wifi, hasa kilichokuuma ni nini? Nikamwambia, nimeishi na Kisirani miaka yote hiyo, amekufa, ninyi mmekimbilia upanga. Hata kuaga hakuaga."

Refa akakiweka kifungo kwenye meza yenye unga. "Basi na aage," akasema.

Kisirani akaaga. Kabla ya kukata roho alizikata kamba za daraja, akaporomoka na zimwi lake, wenzake waliokuwa wameshavuka wakapona. Mawifi wawili wakalia, wakacheka, mikate ikaungua. Tangu siku ile meza ikapata sheria mpya: anayekufa ana tendo moja la mwisho. Bila dadu, na Refa haruhusiwi kupinga. Na ile sheria ya sakafuni? Ilibaki palepale.

Refa alipougua, walimpelekea mchezo kitandani. Safari hii wifi alisimulia, Refa akawa mchezaji, na furaha yake ilijaza chumba. Mtu wake alikuwa mlinzi wa lango, kifungo kidogo cha shati. Maadui walipomzunguka, akarusha dadu. Mkono haukuwa na nguvu. Dadu ikateleza juu ya shuka, ikadondoka sakafuni. Sita. Wote wakamgeukia wifi, na wifi akafungua mdomo kusema imehesabiwa.

Refa akamwahi. "Wifi yangu, usithubutu."

Akarusha tena. Mbili. Mlinzi akafa, na Refa akadai tendo lake la mwisho. "Nafungua lango," akasema. "Piteni nyote, msinisubiri. Na atakayelia kabla ya mwisho wa safari, nitamkata pointi."

Kwa mume wake, kwa wifi yake, kwa wote wa meza ile: poleni sana, tuko pamoja nanyi. Nasi tunaosikiliza tujiulize. Sheria zetu za nyumbani na kazini tunazishika, sawa. Je, aliyeshindwa tunampa nafasi ya kusema lake?

Kabla sijaingia hewani wifi alinipigia simu. Jana, Jumapili, walicheza. Dadu ya kwanza ikaanguka sakafuni. Hakuna aliyeinama kuitazama.