Mzee Othmar Kapinga na Wimbo Uliolaza Tume

Mzee Othmar Kapinga anastaafu tarehe 30 Juni 2002, baada ya kuutumikia mwaka kwa mwaka, tangu 1969, mtambo wetu wa kukoboa kahawa hapa Mkumbi. Kwenye jalada lake cheo chake ni Msaidizi wa Ghala. Ukweli ni kwamba hajawahi kusaidia ghala hata kidogo. Gunia moja alilojaribu kulipakia lilipanda lori lisilo lake, likashushwa kwenye zahanati ya Mbuji, na mganga wa huko akaandika kwamba ameipokea dawa lakini hajui wagonjwa wapewe kiasi gani.

Aliajiriwa apige klarineti. Enzi zile kila shirika lilikuwa na bendi yake, na meneja wa kwanza hakutaka kiwanda chetu kionekane yatima. Ngazi ya mshahara ya mpiga klarineti haikuwepo, ya msaidizi wa ghala ilikuwepo, mambo yakaisha.

Muziki ulimwingia mapema. Alizaliwa Kihagara, ufukweni mwa ziwa, ambako baba yake alikuwa mchezaji wa mganda, ngoma ile ya wanaume wanaojipanga kama askari na kuvuma kwa vibuyu. Halafu akapanda milimani kusoma misheni, na mabruda wakamfundisha noti na nyimbo za sauti nne. Kutokana na shule hizo mbili alijijengea imani aliyotuhubiria kila wakati wa chai: "Sauti moja peke yake humkumbusha mtu nafsi yake. Sauti nne humkumbusha ana wenzake. Ngoma ikiingia, anasahau yote mawili."

Sisi tulicheka, mpaka siku alipokuja mgeni rasmi kufungua msimu, katika miaka ile ya gwaride na hotuba. Othmar aliongoza bendi kwa mwendo wa kijeshi, matarumbeta mbele, ngoma kubwa nyuma. Mgeni aliingia lango la mashariki kwa hatua imara, akapita mizani, akapita mashine, akapita meza yenye kitambaa na maua iliyoandaliwa kwa ajili yake, akatokea lango la magharibi. Alipatikana njia panda, bado anatembea, akarudishwa kwa Landrova. Hotuba yake alisema ni ndefu lakini miguu haikumruhusu.

Mambo yakabadilika biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini, na wa kwanza kufika kwetu alikuwa Bwana Thabiti, mfanyabiashara wa mjini Mbinga mwenye asili ya pwani, mcheshi na mwenye lori la bluu. Juu ya lori alifunga spika mbili, na kaseti zake zilikuwa na kila kitu kwa pamoja: magitaa, kinanda cha umeme, ngoma isiyopumua. Wakulima walifika wakiwa wameamua kufikiri kwanza. Wimbo wa pili ukianza, magunia yalikuwa tayari lorini kwa Thabiti na wenye magunia wanacheza.

Meneja wetu, Bwana Cuthbert, alimwita Othmar. "Mzee, na sisi tupige. Tena tupige kwa nguvu."

Othmar alikataa kushindana na spika. Alisimama mbele ya lango letu, akapiga klarineti peke yake, polepole, kwa sauti za chini, ili watu watulie na kupima bei. Walitulia kupita kiasi. Wanaume walivua kofia, akina mama wakajifunga khanga viunoni, na umati wote ukaondoka kwenda kuutafuta msiba. Walitembea nyumba hadi nyumba wakiuliza nani amefariki. Kwa bibi mmoja aliyekuwa mgonjwa wa mafua walianza kabisa kupika. Siku hiyo Thabiti hakununua kitu, na sisi pia hatukununua kitu.

Kesho yake Thabiti alikuja na spika ya tatu. Kahawa ikatupita, mashine zikanyamaza, mishahara ikaanza kuchelewa. Agosti ikaja habari kwamba tume ya watu watatu inatoka makao makuu kuja kutusomea majina ya watakaopunguzwa kazi. Tulijua yatakuwa karibu yote. Kanuni ilitaka majina yasomwe hadharani, mbele ya wafanyakazi, ndipo upunguzaji uanze. Na kila mtu alijua jina litakaloongoza: msaidizi wa ghala wa ghala lililo tupu. Nyumbani kwa Othmar, mkewe, Mama Edina, alikuwa na watoto wanne wanaosoma.

Cuthbert aliogopa kurushiwa mawe na wafanyakazi. Alimwambia, "Mzee, piga kitu cha kuwatuliza, nakuomba."

"Nitawatuliza, meneja," alijibu Othmar. Hakusema nani.

Asubuhi ya mkutano alimfuata Gaudiosa, dada wetu wa chumba cha kuonjea kahawa, akamwomba awagawie wafanyakazi wote kahawa iliyokaangwa, watafune. Wengi wetu tulikuwa tumeishi na kahawa maisha yetu yote bila kuionja. Tulitafuna kama karanga. Kufikia saa saba hakuna aliyeweza kufumba jicho, na fundi mitambo wetu Nazari alikuwa anasikia nywele zake zikiota.

Tume ilifika na vumbi la barabara ya Songea, ikalishwa ugali na samaki aina ya mbasa, ikaketishwa kwenye viti vya mito. Othmar alianza na bendi nzima, kwa adabu, ili wasishtuke. Halafu akawa anapunguza. Ngoma ilinyamaza bila mtu kuona. Matarumbeta yakafuata, moja baada ya jingine. Mwisho zilibaki klarineti na tuba tu, lile tarumbeta nene la sauti nzito, zikibembea kwa mwendo wa mama anayetembea na mtoto mgongoni: wimbo wa kubembelezea wa kule ufukweni, beti zake zinazunguka na kuzunguka bila kufika.

Mjumbe wa kushoto alichukuliwa na usingizi kwanza. Wa kulia akamwegemea mwenyekiti. Mwenyekiti alisimama, akasema "Ndugu wafanyakazi," akakaa kufikiria neno linalofuata, akakoroma. Cuthbert, ambaye hakupewa kahawa, alilala na kofia mkononi. Sisi wengine tulikaa wima, macho kama taa za lori, tukihesabiana pumzi.

Othmar alipiga mpaka jua likaegemea milima. Dereva wa tume alipoliwasha gari, mwenyekiti akashtuka. "Tumefika wapi?" aliuliza.

Gaudiosa alikuwa karibu. "Mmefika kwenye shukrani, mheshimiwa."

Mwenyekiti akashukuru, kwa ufasaha kabisa, akaondoka na majina yake mfukoni.

Tulimkuta Othmar nyuma ya ghala, amekaa chini, shati limelowa jasho. Nazari alimuuliza kama anaumwa. "Niliogopa," alisema. "Mtu akiogopa pumzi inakatika. Pumzi ikikatika, mtoto anaamka."

Makao makuu waliamini tumeshaambiwa. Sisi hatukuwa tumeambiwa, kwa hiyo tuliendelea kuja kazini, tukisafisha na kupaka mafuta mashine zisizo na kazi. Halafu mvua zikaikata barabara ya kwenda viwanda vingine, na Thabiti akajikuta na ghala lililojaa kahawa yenye maganda na hana pa kuikobolea. Akaja langoni kwetu. Mitambo ilikuwa tayari na mafundi walikuwepo. Alikubali kulipia kazi kwa sharti moja tu: klarineti isipigwe peke yake madereva wake wakiwa wanapakia. Wanunuzi wengine wakamfuata. Tume ya pili ilipofika ilikuta mashine zinanguruma kiasi kwamba hakuna ambaye angesikia jina lake, ikaaga.

Mzee Othmar, wengi tulio hapa tumesomesha watoto na kujenga nyumba kwa mshahara wa mchana ule. Asante. Asante pia kwa kwaya uliyotufundisha, kwa kupiga kwenye harusi zetu, na kwa kumfundisha Nazari tuba, ingawa majirani zake wana maoni yao.

Sasa unarudi Kihagara na Mama Edina. Wafanyakazi tumewanunulia mabati ya nyumba yenu mpya. Mvua ya Machi ikianza kuyapiga, usiipangie sauti wala usiihesabie mapigo. Iache ipige inavyojua yenyewe, nawe ukae, ule samaki wako. Mungu awajalie siku nyingi na njema huko ufukweni.

Hedwiga Ndunguru, kwa niaba ya wafanyakazi wote