Risala ya Madobi wa Gati ya Kolmidanga kwa Naibu Waziri, Siku ya Tuzo ya Maji Safi

Mgeni rasmi, Naibu Waziri wa Mazingira. Meneja wa kiwanda cha jinzi, Bwana Shafiqul. Na majirani wa Savar mliokaa juani: nomoskar, na asalaam alaykum.

KARIBU
Sisi ni madobi, familia arobaini na moja. Bwana Shafiqul ametuomba tusome maneno ya shukrani kabla hujamkabidhi tuzo, yasizidi dakika tano. Tutajitahidi.

TULIKOTOKA
Babu zetu walifulia hapa, juu ya mawe haya haya. Sisi tunafua mashuka ya hospitali. Kazi yetu inapimwa kwa jambo moja: shuka jeupe lirudi jeupe.

MAFANIKIO
Tangu kiwanda kifunguliwe hatujanunua buluu ya kufulia. Mto unatupa bure, tena nyingi kuliko tunavyohitaji. Siku nyingine hutuongezea nyeusi, na kijani ambayo hatukuiomba.

CHANGAMOTO
Hatukupenda kumlaumu mtu kabla ya kuchunguza. Mwaka jana tulianza kuchovya mtoni kipande cha bafta nyeupe kila asubuhi, kwenye jiwe moja, tukihesabu hadi mia tatu. Tunakikausha kivulini, tunakishona kwenye daftari na tarehe yake. Tunavyo vipande 362. Siku tatu zinazokosekana tulikuwa kwenye sikukuu ya Puja. Kumi na moja ni vyeupe. Mwanzoni tulidhani ni mvua. Tulipolinganisha tarehe, tukakuta ni zile siku ambazo njia ya kiwandani ilimwagiwa maji kuzuia vumbi na maua yakapangwa getini, maana wakaguzi walikuwa wanakuja.

Tulimpelekea Bwana Shafiqul daftari. Akasema kwa upole, "Mama, mtambo wetu wa kusafisha maji hauzimwi hata saa moja."

Mwenyekiti wetu, Mama Shefali Rajak, akamjibu, "Basi una tabia ya ajabu, mwanangu. Haufanyi kazi mpaka uangaliwe."

Mwezi huu muuguzi mkuu ameturudishia mafurushi mawili. "Kaka Nitai," alimwambia mwenzetu, "nilikupa mashuka ya wagonjwa, umeniletea bendera."

"Dada, hata mimi rangi sikuichagua."

Hakucheka. Ametupa hadi mwisho wa mwezi wa Choitro. Baada ya hapo mashuka yatapelekwa kwenye mashine za Dhaka, na sisi kazi nyingine hatuna.

MAOMBI
Hatuombi mtambo mpya. Uliopo ni mzuri. Umefanya kazi mara kumi na moja, na leo ni ya kumi na mbili. Kipande cha asubuhi hiki hapa, bado kibichi, cheupe kama kimetoka dukani. Kwa hiyo tumeridhika kwamba kinachosafisha mto huu ni wageni.

Mheshimiwa, tunaomba usiondoke. Tumekutandikia kitanda katika chumba cha kupigia pasi. Wali na dengu tutapika. Ukikaa hadi Choitro iishe, hospitali haitakuwa na neno nasi.

Ikiwa ni lazima urudi leo, tunaomba tuzo urudi nayo. Uje uikabidhi siku ambayo hukumwambia mtu kwamba unakuja.

Mola wa kila mmoja wetu akulinde njiani, na asikukawize kurudi.

Ni sisi,
Madobi wa Gati ya Kolmidanga