Mtu wa Hadubini na Mtu Aliyemshinda Mara Moja

Tarehe 31 Disemba mwaka huu wa 1957, Mzee Kipsang arap Langat atafunga mlango wa chumba cha kupimia kwa mara ya mwisho, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha udongo mweupe, hapa kati ya Gilgil na Elementaita, kwa miaka ishirini na miwili. Kamati ya sherehe imemchagua karani wa stoo, Hiram Lusweti, aandike habari zake, kwa sababu yeye ndiye mtu pekee aliyewahi kumshinda Mzee Kipsang katika mdahalo. Hiram huyo ni mimi. Sifa hiyo nimeitunza kuliko ninavyoitunza baiskeli yangu.

Mzee Kipsang aliingia kazini mwaka 1935 akitokea Sotik, akapewa sepeto na toroli kama kila mtu. Mwaka 1939 alikuja Mzungu mmoja mtaalamu wa mawe, akiwa na hadubini ndani ya sanduku la mbao, akatafuta mtu wa kuibeba kutoka stesheni ya Gilgil. Kipsang aliibeba kifuani njia nzima kama mtu aliyebeba mayai. Mzungu akafurahi, akamwachia aangalie ndani. Toka siku hiyo hakushika toroli tena.

Mimi niliingia mwaka uliofuata nikiwa na cheti cha shule na mwandiko wa kulala ambao hata meneja aliusifu. Nilijua papo hapo kwamba kile kiti cha mbele ya hadubini kilimfaa mtu aliyesoma. Nilikiomba mara tatu. Mara zote tatu nikapewa stoo, na kutoka dirisha la stoo mtu anakiona chumba cha kupimia vizuri sana.

Kwa wageni watakaosoma karatasi hii, udongo wetu si udongo hasa. Ni magamba ya viumbe wa majini, wadogo mno, walioishi na kufa ziwani zamani kabla ya mtu yeyote kuwapo wa kuhesabu miaka. Kijiko kimoja kina magamba mengi kuliko watu wa Nakuru yote. Kazi ya Mzee Kipsang ilikuwa kutazama udongo wa kila siku na kusema upi ni safi wa kuchujia sukari na bia, na upi uende kwenye rangi. Mwaka 1948 alizuia mzigo wa behewa zima kwa sababu ya chembe za uchafu alizoziona kwenye tone moja. Nyapara alipiga kelele, na mimi, nakiri, nilitembea kwa raha siku nzima nikidhani leo amekosea. Majibu yakarudi kutoka Nairobi kwamba alikuwa sawa. Jioni ile nilifunga stoo mapema nisikutane naye.

Alikuwa na desturi moja ambayo kila mtu hapa anaijua. Mfanyakazi mpya, kabla hajapewa sepeto, alipitishwa kwake. Mzee alimwinamisha juu ya hadubini, akamwacha atazame zile nyota, vile visahani na vile vijiti vilivyotobolewa mistari sawasawa, halafu akamuuliza swali moja tu: "Hii nani alitengeneza?" Jibu aliliandika kwenye daftari. Wengi walisema Mungu. Mmoja alisema fundi wa Kihindi. Mpishi wetu wa kantini, jina lake Wangu, alisema yeye hajui nani alitengeneza, lakini ni mtu ambaye hakuwa na haraka. Mzee alimsifu Wangu kwa jibu hilo mwaka mzima, na mimi, niliyejibu kwa aya mbili kutoka kitabu cha Mwanzo, sikusifiwa hata mara moja.

Yeye mwenyewe alishikilia kwamba hakuna aliyetengeneza. Alisema ukiwa na maji, joto na muda mrefu usio na mwisho, vitu hujaribu-jaribu vyenyewe, vingi hushindwa, vichache hushika, na vilivyoshika ndivyo tunavyoviona. Uhai, kwa maneno yake, ulianza kwa kubahatisha. Mimi ni mzee wa kanisa, na maneno hayo yalinikera. Lililonikera zaidi ni kwamba kila Jumapili alikuja kanisani na mkewe Chepkurui, akaimba sauti nzito ya chini hadi madirisha yakatetemeka, na mchungaji akampenda kuliko alivyonipenda mimi niliyeamini.

Basi tulibishana. Tulibishana kwenye kantini, kwenye foleni ya posho, na kwenye mazishi ya nyapara tukanyamazishwa. Kila Jumamosi baada ya king'ora cha mchana nilivuka ua nikaenda mlangoni kwake na hoja mpya. Kila Jumamosi nilirudi stoo bila hoja. Watu walicheka, na walikuwa wakicheka upande wake. Kwa miaka kumi na minne nilimwonea gere mtu huyu: gere ya kiti, ya sauti, ya jinsi watu walivyonyamaza akianza kusema.

Ndipo ukaja mdahalo mkubwa wa Agosti 1954. Kibali kilipatikana kwa D.O., ofisa wa serikali wa wilaya, maana mwaka ule wa Hali ya Hatari hata harusi iliombewa kibali, na ukumbi ukajaa hadi nje. Swali lilikuwa kama uhai ulitokea wenyewe au ulikusudiwa. Mwalimu Kipkemei alikuwa mwamuzi. Mke wangu Truphosa alikaa mstari wa mbele na kilemba kipya.

Nilikuwa nimejiandaa. Siku mbili kabla, Mzee alipokwenda kula, niliingia chumbani kwake bila ruhusa. Nikachota udongo, nikaudondoshea maji juu ya kipande cha kioo, nikaufunika kwa kioo chembamba kama nilivyomwona akifanya kupitia dirisha la stoo. Nikatafuta gamba lililokamilika kuliko yote. Nililipata. Lilikuwa duara tupu, lisilo na kasoro hata ya unywele, lenye ukingo mweusi na mwanga katikati. Nikalichora.

Ukumbini nilichora duara hilo ubaoni, kubwa, nikauliza: je, kubahatisha kunaweza kuchora hivi? Watu walipiga makofi. Mzee Kipsang alisimama, akausogelea ubao, akautazama mchoro kwa muda mrefu. Halafu akageuka akasema kwamba kwa hilo hana jibu, akaketi. Mwalimu Kipkemei alinipa ushindi na birika la bati lenye maua mekundu. Truphosa ameliweka mezani sebuleni tangu siku ile, na hakuna mgeni anayekunywa chai kwangu bila kusimuliwa.

Mwezi uliopita meneja aliniambia kwamba Mzee akiondoka, kiti ni changu. Nilikitaka kwa miaka kumi na saba. Jumatatu ya kwanza nilikaa karibu naye nijifunze. Alinifundisha kwanza, alisema, kosa la kila mgeni. Aliweka tone la udongo, akaangusha kioo chembamba kizembe, akanisukumia hadubini. Nikatazama. Lilikuwepo duara langu, lisilo na kasoro, lenye ukingo mweusi na mwanga katikati. Mzee akabonyeza kioo taratibu kwa njiti ya kiberiti. Duara likateleza, likakutana na lingine, yakawa moja, likapasuka.

Lilikuwa povu la hewa.

Nilielewa kwamba alipousogelea ubao ule mwaka 1954 alijua, kwa sekunde moja, kama mama anavyomjua mwanawe. Neno moja tu lingetosha. Ukumbi mzima ungecheka, mchungaji angecheka, Truphosa angevua kile kilemba kipya akajifunika uso. Ushindi wangu wa pekee maishani alikuwa amenipa yeye, kama mtu anavyompa mwenzake kiti. Nilimwonea wivu siku ile kuliko siku zote, maana hata wema alikuwa amenizidi.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Aliendelea kufuta kioo chake kwa kitambaa, akasema: "Karani, hawa wengine wote nilibishana nao mara moja, wakaona aibu, hawakurudi. Ni wewe tu ulikuwa unarudi. Sasa ningewafanya watu wakucheke, Jumamosi ningebishana na nani?"

Angeweza kuondoka bila kunionyesha lile povu. Lakini angenionyesha lini tena, na kazi sasa ni yangu, na kesho kutwa ningelipitisha povu nikaliita gamba, mzigo ukarudishwa? Kwa hiyo alinionyesha, tukiwa wawili tu, mlango umefungwa. Akaniachia mimi niamue kama wengine watajua.

Nimekaa na karatasi hii wiki tatu. Truphosa aliisoma jana, akaenda sebuleni akarudi na birika, akalifunga kwa gazeti. Kwa hiyo iandikwe hapa, kwa mwandiko wangu wa kulala, kwamba mdahalo wa Agosti 1954 alishinda Kipsang arap Langat. Hoja yake mimi bado naikataa. Lakini hajawahi kushindwa na mtu yeyote hapa, mimi nikiwemo, na asiyeamini aje chumba cha kupimia nimwonyeshe povu.

Kiwanda kinakushukuru, Mzee Kipsang, kwa miaka ishirini na miwili ya macho yasiyodanganyika. Wangu wa kantini amesema ng'ombe wako wa Sotik wapate mvua na Chepkurui apate raha ya kukuona nyumbani mchana, nasi sote tunaitikia. Kiti chako nimeanza kukikalia. Kinafaa, ni kizuri, na Jumamosi iliyopita, uliponiachia chumba peke yangu, king'ora kilipolia, niligeuka mara mbili kutazama mlango kama kuna anayekuja na hoja.